Nani Anashika Mizani ya Pamba?

Ninyi wa migodini na ninyi wa mjini, safari hii hatuandiki juu ya mshahara wala juu ya barabara mbovu. Tunaandika juu ya pamba. Mtu wa Kimemi atacheka. Atasema: hapa kwetu Butembo pamba haioti, baridi ya mlimani haiipendi, sisi tunajua maharagi, viazi, ndizi na muhogo, na walio chini upande wa Beni wanajua kahawa na kakao. Pamba inatuhusu nini? Tunamjibu kwamba shati alilovaa ni pamba, kitenge cha mke wake ni pamba, na shuka la mgonjwa hospitalini ni pamba. Wafanyabiashara wa mji huu hupanda ndege mpaka Dubai na China kutafuta nguo, na marobota ya mitumba hufunguliwa sokoni kila juma. Pamba tunainunua siku zote. Kuilima, Kongo ilichoka, na haikuchoka bure.

Tena iko sababu ya pili, iliyo kubwa kuliko hiyo. Habari ya pamba katika Kongo ni habari ya mkulima aliyeamriwa kulima zao asiloweza kula, likapimwa kwa mizani asiyoishika, kwa bei asiyoulizwa. Mwenye kuijua habari hiyo ataelewa mambo mengi ya leo, ya kakao na ya kahawa, na hata ya dhahabu.

Tuanze na mmea wenyewe, kwa maana wengi wetu tulioshika kalamu au sururu hatujapata kuushika. Pamba ni mmea wa jua. Hutaka nchi ya joto, udongo wa kina usiotuamisha maji, mvua wakati wa kukua, na ukavu wakati vitumba vinapopasuka. Ndiyo sababu Butembo, mji uliopanda juu ya mita 1,700, si mahali pake. Bonde la Semliki ni habari nyingine. Mto ule hutoka ziwa Edward, lililo kwenye mita 900 na kidogo, hushuka chini ya mlima Ruwenzori mpaka ziwa Albert, na njiani hupita nchi ya joto na majani. Huko pamba yaweza kuota. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kasese katika Uganda, inaota kweli, nasi tutarudi huko.

Lakini kuota si kazi. Kazi ni kuitunza. Mkulima hulima shamba mapema, hupanda mvua zinapoanza kushika, kisha hupunguza miche akaacha miwili katika kila shimo. Halafu hupalilia, akapalilia tena, na mara ya tatu, kwa maana pamba ikiwa changa haiwezi kushindana na magugu. Ua hufunguka jeupe au la rangi ya maziwa, na kesho yake limegeuka kuwa jekundu kidogo. Kutoka ua mpaka kitumba kupasuka ni siku kama 50. Kwa jumla ni miezi mitano au sita tangu mbegu kuingia ardhini mpaka mavuno, na mavuno hayaji kwa siku moja: leo vitumba vya chini, juma lijalo vya katikati, kisha vya juu. Kila kimoja huchumwa kwa vidole. Usichume ikiwa na umande, maana itaoza ghalani. Usichanganye nyeupe na ile yenye madoa, maana yote itahesabiwa kuwa ya madoa. Na ukimaliza, hujamaliza: mashina yote yang'olewe na kuchomwa, ili funza wasilale humo wakingoja mwaka ujao.

Hao funza ndio wanaovunja moyo. Funza wa vitumba hutoboa kitumba akala ndani yake, na mwenye shamba asipopita kila mara atamgundua amekwisha kushiba. Kangambili, yule mdudu mwekundu, hunyonya mbegu na kuacha nyuzi zimechafuka rangi. Chawa jani hunyonya majani mpaka yakajikunja. Wataalamu wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walipata dawa moja nzuri isiyouzwa kwa chupa: walichagua mbegu za pamba yenye majani ya manyoya, na chawa jani hawapendi manyoya. Lakini funza wa vitumba hajali manyoya. Kwake hutakiwa dawa ya kupuliza, na dawa hununuliwa kabla pamba haijauzwa. Basi mkulima huanza mwaka akiwa na deni.

Sasa tufanye hesabu, maana kazi ya karani ni hesabu. Mkulima mdogo asiye na mbolea, hekta moja haimpi zaidi ya kilo mia chache za pamba mbegu, yaani pamba kama ilivyotoka shambani. Tuseme kilo 400. Mchumaji hodari huchuma kama kilo 20 kwa siku. Hapo kuchuma peke yake kumekula siku 20, na hatujahesabu kufyeka, kulima, kupanda, kupunguza, kupalilia mara tatu, kuchambua nyeupe na chafu, kubeba mzigo mpaka sokoni, kung'oa na kuchoma. Kumbukeni hesabu hiyo, kwa kuwa sasa tunaingia katika sheria ya Wabelgiji.

Mwaka 1917, vita kuu ya kwanza ikiwa bado inapigwa, serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilitoa amri kwamba wanavijiji walazimike kulima mazao yatakayotajwa na serikali, siku 60 kwa mwaka. Waliziita kilimo cha mafundisho. Mwaka 1920 ikaundwa kompanyi ya pamba iliyojulikana kwa jina la Cotonco. Mwaka 1921 serikali ikaigawa nchi ya pamba katika maeneo, na katika kila eneo kompanyi moja tu ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kununua pamba na kuichambua. Mkulima wa Uele, wa Maniema, wa Sankuru au wa Lomami hakuweza kubeba mzigo wake kwa mnunuzi mwingine, hata kama yuko na analipa vizuri. Sheria ya 1933 ikathibitisha zile siku 60. Mwaka 1942, wakati wa vita ya pili, zikapandishwa mpaka 120.

Siku 60! Wenye kuandika sheria huandika siku, wenye kulima hulima miezi. Monitere wa kilimo alipima shamba, kapita alihesabu watu, na asiyelima alilipa faini, au aliingia buloko, au alionja fimbo ya ngozi ya kiboko. Wala si mwanamume peke yake aliyelima. Jina liliandikwa la mwanamume, lakini katika palizi na mavuno walikuwamo wanawake na watoto, na mikono yao haikuandikwa katika daftari lolote. Mpaka leo tunapoona karatasi inasema mfanyakazi mmoja, sisi huuliza nyuma yake wako wangapi.

Na bei? Bei iliwekwa na serikali pamoja na kompanyi, na mkulima aliisikia siku ya soko. Tena mara nyingi mtoza kodi alisimama soko lile lile, hatua chache kutoka kwa mnunuzi, na faranga ziliingia mkono mmoja zikatokea mwingine. Bei ya pamba duniani iliposhuka miaka ya 1930, mkulima hakuambiwa apumzike. Aliambiwa aongeze shamba, ili udogo wa bei ufidiwe na wingi wa jasho. Kompanyi yenye kupata hasara huomba msaada serikalini. Mkulima mwenye kupata hasara aliongezewa kazi. Hakuna mchimbaji atakayehitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Iko hila nyingine ambayo hata leo haisemwi sana. Ukichambua kilo 100 za pamba mbegu utapata nyuzi kama kilo 35 hivi. Sehemu kubwa iliyobaki ni mbegu. Mbegu hizo si takataka. Hukamuliwa mafuta, mafuta huingia katika chakula na sabuni, na mashudu hulisha ng'ombe. Mkulima alilipwa bei moja kwa mzigo wote, akarudi kijijini akanunua sabuni dukani.

Wengi hawakukubali. Katika mikoa ya pamba wapo vijana waliotoroka vijijini wakaenda kuomba kazi migodini na mijini, si kwa kupenda sururu bali kwa kuikimbia pamba. Msumbiji, chini ya Wareno, ambako pamba ya lazima ilidumu mpaka 1961, wapo wakulima waliochemsha mbegu kabla ya kuzipanda, kisha wakamwonyesha bwana shamba udongo mtupu wakisema: nchi hii haifai. Sisi tunawaheshimu watu hao. Kuchemsha mbegu ni kugoma kwa mtu asiyeruhusiwa kugoma.

Watu wa milima ya Lubero na Beni hawakubeba mzigo wa pamba kama watu wa Uele. Sisi tuliagizwa mazao mengine, ngano mojawapo, na hapa yafaa tukumbuke mji huu ulivyokua. Butembo ulikua pembeni ya kazi ya MGL, kompanyi ya madini iliyochimba Manguredjipa, Lutunguru na kwingineko mpaka ilipoingizwa ndani ya SOMINKI mwaka 1976. Wachimbaji walikula. Maharagi na unga wao ulitoka katika mashamba ya milima hii. Kama milima hii ingalivikwa pamba nyeupe kutoka bonde mpaka kilele, sufuria ya kambi ingalikuwa nyeupe vilevile, kwa utupu. Mtu wa mjini hudhani mambo ya shamba ni ya wanakijiji. Siku mkono wa mkulima unapotolewa katika maharagi ukapelekwa penye zao lisilolika, wa kwanza kulipa ni yule anunuaye chakula chake chote sokoni, na huyo ni sisi.

Tusiwe watu wa kuona ubaya tu. Taasisi ya utafiti wa kilimo, INEAC, iliyoanzishwa 1933 na kuwa na makao yake Yangambi, ilifanya kazi ya kweli. Katika vituo vya Bambesa na Gandajika walichagua mbegu bora za pamba, wakajua kuzipokezanisha na karanga, mahindi na muhogo ili udongo usichoke. Mwaka 1959, karibu na mwisho wa utawala wa Wabelgiji, Kongo ilitoa karibu tani 60,000 za nyuzi. Viwanda kama Filtisaf kule Albertville, mji tunaouita sasa Kalemie, vilisokota na kufuma nguo hapa hapa nchini. Hayo ni mambo makubwa. Lakini mtu aliyepewa mbegu bora bila kuulizwa kama anataka kupanda, amepewa nini? Amepewa pingu iliyopakwa mafuta.

Ndiyo sababu baada ya 1960 hesabu ile iliporomoka. Wengine husema Mwafrika ni mvivu, alipoondoka Mzungu akaacha pamba. Maneno hayo hatuyakubali. Mkulima aliacha pamba kwa sababu fimbo iliondoka na bei haikuja badala yake. Maasi ya 1964 na vita vilivyofuata viliharibu barabara na viwanda, hilo ni kweli. Lakini serikali yetu wenyewe nayo ilipounda shirika lake miaka ya 1970, lile la ONAFITEX, ililipa ukiritimba ule ule wa mnunuzi mmoja na bei ya chini, na mkulima akalikimbia kama alivyoikimbia kompanyi. Jina juu ya mlango lilikuwa letu. Mizani ilikuwa ile ile.

Jirani zetu nao wana habari zao, nazo zatufaa. Katika Tanganyika ya Wajerumani, watu wa Umatumbi walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya jumbe kwa malipo yasiyotosha hata kuitwa malipo. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, waliing'oa miche ya pamba, na ndivyo ilivyoanza vita ya Maji Maji. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na watu wengi mno walikufa, wengi wao kwa njaa. Iliyoanza vita haikuwa bunduki. Ilikuwa miche ya pamba.

Uganda walianza kwa njia nyingine. Mbegu ziliingizwa 1903 na Kristen Borup wa misheni ya Waingereza, na wakulima wa Buganda walilima, wakapata fedha. Lakini kuchambua na kuuza nje kulikuwa mikononi mwa wengine, na wakati wa vita ya pili serikali ilizuia sehemu ya bei ya pamba ikaiweka katika mfuko wake, kwa kisingizio cha kumlinda mkulima na siku za bei mbaya. Mwaka 1945 kukawa na ghasia, na 1949 zaidi. Watu wa Ignatius Musazi na chama chake cha wakulima walidai haki ya kuchambua na kuuza pamba yao wenyewe. Waliambiwa ni wachochezi. Baada ya miaka michache sheria ya 1952 iliwafungulia wana ushirika njia ya kupata viwanda vya kuchambulia. Basi yule mchochezi alikuwa ametangulia tu kusema lililo haki.

Lakini habari tuipendayo kupita zote ni ya Wasukuma, kusini mwa ziwa Victoria. Wao walijua kwamba wanunuzi wanawaibia katika mizani. Hawakuanza kwa hotuba, wala kwa barua kwa Gavana. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, vijana wanaojua kusoma namba, wapime mzigo wa mkulima kabla haujafika kwa mnunuzi. Mkulima akaingia akiwa na hesabu yake mkononi. Ni jambo dogo sana. Kutokana na jambo dogo hilo vikaota vyama vya ushirika, na 1955 vyama hivyo vikaunganishwa katika shirikisho kubwa la jimbo la Ziwa, likiongozwa na Paul Bomani, kijana ambaye baadaye alikuwa waziri wa Tanganyika huru. Wakapata hata viwanda vyao vya kuchambulia. Sisi makarani tujione hapo: walioanzisha jambo lile ni watu wa kalamu na mizani waliokubali kusimama upande wa mkulima badala ya upande wa meza.

Haifai kuficha mwisho wake. Vyama vile vilipokua vikapata makarani walioiba kama wanunuzi wa zamani. Mwaka 1966 serikali ya Tanzania ililazimika kuunda kamati ya kuchunguza, na 1976 ikavifuta vyama vikuu vyote vya ushirika, ikaviruhusu tena kwa sheria ya 1982. Wakati vilipokuwa vimefutwa mkulima alibaki na shirika la serikali lililochelewa kumlipa. Kwa hiyo anayesema mtu mweusi akishika mizani basi mambo yamekwisha, hajafika mwisho wa kitabu. Mizani ya ushirika nayo ipimwe, na karani wake aweze kufukuzwa na wale anaowapimia. Tunajua neno hili halitawapendeza makarani wote.

Sasa turudi Semliki. Ukivuka mpaka wa Kasindi na Mpondwe unafika kwa ndugu zetu Bakonzo, ambao tukisalimiana nao hatuhitaji mkalimani. Wilaya yao ya Kasese ni nchi ya pamba na ya mgodi pamoja: reli ilifika 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na shaba ile ikasimama kuchimbwa 1982. Watu waliobaki na jembe walibaki na kitu. Huko uko ushirika wa Nyakatonzi, wenye kununua na kuchambua pamba ya wanachama. Nao hawako peponi. Bei yao huamuliwa mbali, na nyuma ya bei hiyo kuna serikali tajiri kama ya Marekani inayowalipa wakulima wake wa pamba ruzuku kubwa. Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Mali na Chad walisimama mbele ya Shirika la Biashara la Dunia kulalamika juu ya hayo, na Brazil ilishtaki na ikashinda. Bei ikianguka, mkulima wa Kasese hufanya kitu ambacho mkulima wa Uele wa 1935 hakukiweza: mwaka unaofuata hupanda mahindi. Hakuna kapita mlangoni. Uhuru wa mkulima, ukiuondolea maneno makubwa, ni huo wa kuacha.

Hapa kwetu mara nyingi utamsikia mtu akisema kwamba bonde la Semliki lingefaa pamba, kwamba tungefuma nguo wenyewe, kwamba vijana wangetoka kwenye mashimo ya dhahabu wakarudi shambani. Maneno hayo ni matamu, na kwa udongo na jua si ya uongo. Lakini tunauliza kwanza: pamba ni miezi sita ya kwenda na kurudi shambani. Tangu Oktoba 2014 wauaji wamewaua raia wa Beni kwa mapanga na bunduki, vijiji vimehama, na mkulima wa kakao ameogopa kwenda kuchuma mali yake huku mwizi mwenye silaha akiichuma badala yake. Shamba lisilofikika halipaliliwi. Amani ni pembejeo ya kwanza ya pamba, kabla ya mbegu na dawa. Mtu akija na mpango wa pamba wa bondeni na hana neno la kusema juu ya hilo, amekuja na karatasi.

Tunauliza pia: kinu cha kuchambua kitakuwa cha nani, na kitakuwa wapi? Pamba mbegu ni mzigo mkubwa wenye uzito mdogo. Kuibeba safari ndefu katika barabara zetu ni kulipia gari libebe hewa. Bila kinu karibu, mkulima yuko mkononi mwa mwenye lori wa kwanza. Nani atakopesha dawa, na funza wakimshinda mkulima, hasara ni ya nani? Mbegu zilizobaki kinuni, na mafuta yake, zitarudi kwake au zitakwenda? Na chakula: tunasema wazi kwamba sisi watu wa mjini hatutaki kuona ekari moja ya maharagi ikigeuzwa pamba kwa amri ya mkubwa yeyote, awe wa serikali, wa shirika la msaada au wa chama chetu wenyewe. Anayetaka kupanda na apande, pembeni ya muhogo wake. Asiyetaka, asiandikwe jina.

Majibu yakiwa mazuri, tutakuwa wa kwanza kuisifu pamba. Si mmea mbaya. Hauna kosa kwa walioutumia kama mnyororo, kama vile dhahabu isivyo na kosa kwa mnunuzi anayeipima kwa njiti za kiberiti na sarafu, akijua yeye peke yake kila njiti ina uzito gani.

Lakini hatungoji pamba ili tuanze na mizani. Kakao inapimwa leo, kahawa inapimwa leo, mifuko ya maharagi inapimwa sokoni kila alfajiri. Tunayaomba matawi yote, ya mjini na ya migodini, yafanye jambo hili kuanzia juma hili. Chukueni bidoni la manjano. Lipimeni tupu, muandike uzito wake. Kisha mtieni maji lita 20, mkiyapima kwa chupa ya lita moja na si kwa macho. Lita moja ya maji ni kilo moja. Basi maji yale ni kilo 20, si zaidi si pungufu. Libebeni kwenye chukudu mpaka kwa mnunuzi, kabla mkulima hajashusha mzigo, na mwombe kwa adabu aliweke juu ya mizani yake mbele ya watu. Mkitoa uzito wa bidoni na mizani ikasoma 20, mshukuruni, mkulima auze. Ikisoma 17, mzigo urudi kwenye chukudu, na mwandikieni mhariri tarehe, soko, na namba mliyoiona.